Mkono wa Traugott Raddatz

Foleni ya kahawa ilikuwa imeshafika mlangoni Ernestine Raddatz alipotoka na birika lake. Kahawa yenyewe ilikuwa maji ya mizizi iliyokaangwa, na mwenye nyumba ya kulala wageni aliimimina kwa uchungu kama mtu anayetolewa damu. Pale bandarini Bremerhaven kila kitu kilikuwa na bei ya wahamiaji: mkate, majani ya kujazia godoro, hata nafasi ya kukaa karibu na jiko.

"Sahani ya bati nimeiacha," alisema mama mmoja mbele yake. "Meli ikishaonekana tu, bei inapanda. Wanajua hatuna pengine pa kununua."

"Tutakula mkononi," Ernestine akasema. "Tumeshazoea."

Aliporudi ukumbini ilimbidi aruke miguu ya watu. Familia za mikoa ya mashariki, Pomerania, Posen na Prussia ya Magharibi, zilikuwa zimelala juu ya mizigo yao, mablanketi yananuka moshi wa treni na mikojo ya watoto. Mumewe, Traugott, alikuwa anafunga sanduku lao kwa kamba. Ncha moja ya kamba alikuwa ameing'ata kwa meno, nyingine ameishika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na kidole gumba na kidole cha mwisho tu. Vilivyobaki vililiwa na mashine ya kupura ngano ya Bwana von Kleewitz, mwenye shamba walikofanya kazi, msimu ambao mvua ilikuwa inakuja na msimamizi akaiwasha kabla wafanyakazi hawajatoa mikono. Krismasi ile bwana aliwaletea bata bukini mmoja mnono, na habari za mkono zikaishia hapo.

Tangu hapo Traugott alikuwa amejifunza upya kukata nyasi, kukamua, kupiga misumari. Shambani hakuna aliyemsubiri.

"Kunywa kabla haijapoa," Ernestine alimwambia. "Ulrike, mvishe mdogo wako viatu."

Ulrike, binti yao mkubwa, alikuwa anahangaika na Emil, aliyekuwa ametimiza miaka mitatu na aliyechukia viatu kuliko kitu chochote duniani. Jirani yao wa ukumbini, mzee Kannenberg, seremala wa magurudumu aliyekuwa anamfuata mwanawe huko Iowa, Amerika, aliwatazama huku anatafuna ganda la mkate kwa upande wenye meno.

"Raddatz," alisema, "huo mkono utaufanyaje leo?"

"Nitautembeza pamoja nami, mzee. Tumezoeana."

"Mimi sitanii. Kuna daktari pale kabla ya kupanda. Hawataki mtu asiyeweza kujilisha. Amerika wakimkataa, wenye meli wanalazimika kumrudisha kwa gharama yao, ndiyo maana wanatuchekecha huku huku kama unga."

Traugott aliacha kufunga kamba. "Wakala kule kwetu aliuona mkono. Aliuona vizuri kabisa, nikakatiwa tiketi."

"Wakala anauza tiketi, hauzi Amerika," mzee akasema. "Mbebe mtoto. Mpakate upande huo, mkono uwe chini ya blanketi. Daktari naye ana njaa kama sisi, hana muda wa kumfunua kila mtu."

Ernestine alilichukua blanketi la Emil, akalikung'uta, akaliweka juu ya sanduku tayari.

Banda la ukaguzi lilikuwa kandokando ya gati. Meli ilionekana kupitia mlango wa nyuma, ukuta mweusi wa chuma wenye kutu kwenye misumari. Foleni ilisogea polepole. Watu walikuwa wanavua kofia zao mapema, hata kabla ya kumwona mtu wa kumvulia. Traugott alimpakata Emil kwenye mkono wa kulia, blanketi limeshuka mpaka kiunoni. Mtoto alikuwa mzito na alikuwa anataka kushuka.

"Tulia, baba," Ernestine alimnong'oneza mwanawe. "Tulia kidogo tu, utaona meli."

"Nataka kutembea."

"Utatembea Amerika."

Daktari alikuwa mtu mnene mwenye mafua. Alimfunua Ernestine kope, akampima Ulrike kichwani kama ana chawa, akamwambia atoe ulimi. Akamgeukia Traugott.

"Kohoa."

Traugott akakohoa.

"Tena. Vizuri. Kifua kizima. Mtoto naye?"

"Mzima, bwana daktari."

"Mshushe nimwone anavyotembea."

Ernestine alinyoosha mikono haraka. "Nipe mimi, nitamshusha."

"Nimemwambia yeye," daktari akasema, tena bila ukali, huku anatafuta leso mfukoni.

Lakini Emil alikuwa ameshasikia ruhusa. Alijinyonga, akateleza chini na blanketi lake, akaanza kukimbia kuelekea mlango wenye meli. Traugott alibaki amesimama, mkono mbele ya tumbo. Daktari aliutazama. Karani aliyekaa mezani naye akanyanyua kichwa.

"Hiki ni nini?"

"Mashine, bwana daktari. Zamani. Umeshapona."

"Fumba ngumi."

Traugott alifumba. Gumba na kidole cha mwisho vilijaribu kukutana, havikufika.

"Unafanya kazi gani?"

"Zote za shamba. Kukata, kupura, kukamua. Nauliza tu, bwana, naomba uniambie kazi moja niifanye hapa hapa."

Hakusubiri jibu. Alimwendea mzee Kannenberg nyuma yao, akaliona sanduku la mzee, lenye vyuma vya useremala ndani. Akaingiza mkono wa kushoto kwenye kishikio, ule wa kulia akaupitisha chini kama ndoano. Akalinyanyua mpaka begani. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alisimama nalo pale, anamtazama daktari.

"Liweke chini, utaumia," daktari akasema.

"Siumii."

"Liweke chini, Raddatz."

Akaliweka. Daktari alipenga kamasi, akakunja leso yake taratibu, kama mtu anayetamani kazi hii ingekuwa ya mwingine.

"Mama," alimwambia Ernestine, si Traugott. "Mimi naona anaweza. Mkaguzi wa New York hatamwona anabeba sanduku. Ataona vidole. Akimrudisha, kampuni itanikata mimi mshahara. Sheria hiyo sikuitunga."

"Basi mimi ndiye nitakayemlisha," Ernestine akasema. "Andika hivyo. Nina mikono miwili, tazama. Nimevuna viazi nikiwa na mimba ya huyu. Andika mke atamlisha mume."

Karani alicheka kwa pua. "Mama wewe, mkuu wa familia ni mwanamume. Hakuna mahali pa kuandika hayo."

"Kaka yangu yuko Wisconsin, ana shamba. Ametutayarishia chumba."

"Vizuri. Nyinyi watatu mtakaribishwa."

Karani aligonga muhuri kwenye tiketi tatu. Ya nne aliiweka kando, akaita, "Anayefuata!"

Walikaa nje kwenye sanduku lao, ubavuni mwa banda, mahali ambapo upepo wa bahari ulikuwa haufiki sana. Ernestine aliwagawia watoto mkate mweusi na kipande cha samaki wa chumvi. Yeye hakula.

"Tunarudi wote," alisema.

"Turudi wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Uliwaona mwenyewe wale Wapolandi waliochukua nafasi yetu wakishusha kuku wao kabla hatujatoa kitanda. Von Kleewitz ameshagawa kile kibanda. Na alisema mbele ya watu wote, anayekwenda Amerika asirudi kumwomba hata maji."

"Kwa dada yako, basi."

"Dada yangu analala jikoni na wakwe zake."

Ernestine alimfuta Emil mdomo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mtoto akalalamika. "Kwa hiyo umeshaamua," alimwambia mumewe.

"Sijaamua. Nimeamuliwa. Msipopanda leo tiketi zimekufa, zenu na yangu. Nendeni kwa kaka yako Ferdinand kabla ya baridi. Mimi nitatafuta njia. Kuna wanaopita Uingereza, nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

"Nimesikia tu, Mama Ulrike."

Ulrike alikuwa ameacha kutafuna. "Baba, kwani wewe mgonjwa?"

"Mimi mzima kabisa, mwanangu."

"Sasa kwa nini yule mzee Kannenberg amepita? Yeye hana hata meno."

Traugott alicheka, kicheko kilichomtoka bila kukitafuta, na Ernestine akaanza kulia kwa sababu hiyo. Alilia kimya, uso umetazama ukuta, mpaka akamaliza. Hakuna aliyemgusa. Kisha akafungua furushi la nguo na kuanza kuzitenga zake Traugott: shati la pili, soksi za sufu, koti la kanisani. Alipolifikia koti alilishika kwa muda, akalikunja upya ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri.

Askari wa bandari aliwakuta katika hali hiyo.

"Wewe ndiye uliyekataliwa? Hati."

Traugott alimpa. Askari alisoma huku midomo inacheza.

"Hapa pameandikwa umeachiliwa uraia wa Prussia kwa ombi lako mwenyewe."

"Bila hiyo wasingeturuhusu kuondoka, bwana."

"Basi wewe si mtu wa Prussia tena."

"Sijui mimi ni wa wapi, bwana. Amerika nako hawanitaki."

"Hapa pia si Prussia, hii ni ardhi ya Bremen, na sisi hatukukuita." Alimrudishia hati. Alikuwa kijana, masharubu yake hayajajaa, na alionekana kuwa ameyasema maneno haya mara nyingi. "Kama huna kazi wala chumba, giza lisikukute mjini. Nikikukuta nitakufungia, kisha watakupeleka mpakani, na wa upande wa pili watakurudisha kwangu. Tusisumbuane."

"Kazi nitaipata wapi?"

Askari alitikisa kidevu tu kuelekea kwenye gati, akaondoka.

Kule gatini wapagazi walikuwa wanapandisha mizigo ya wahamiaji. Nyapara wao aliitwa Tiedemann, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele. Alimwona Traugott akija, akautazama mkono, akamtazama machoni.

"Daktari amekutema, siyo?"

"Ndiyo."

"Unaweza kubeba?"

"Naweza."

"Najua unaweza. Wapagazi wangu wazuri wote wametemwa na yule. Yule pale ana jicho moja. Yule mwingine mguu wake mmoja mfupi, lakini akipanda ngazi humkamati. Hawaondoki, hawalewi sana, hawana pa kwenda." Aliteremsha sauti kidogo. "Ila nakulipa nusu. Nusu mkono, nusu ujira. Hutaki, acha."

"Nalala wapi?"

"Ghalani, juu ya magunia. Kamba yako hii. Anza sasa, meli inafunga mlango maji yakijaa."

Traugott alisimama na ile kamba mkononi. Aligeuka kumtazama mkewe, aliyekuwa amekuja nyuma yake na watoto na alikuwa ameyasikia yote.

Ernestine alimwendea nyapara. "Bwana," alisema, "huyu mtu hawezi kujilisha. Daktari ameandika. Utampaje kazi?"

Tiedemann alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika kidogo. "Mama," alisema, "panda meli."

"Nataka uniambie. Kama anaweza hapa, kwa nini hawezi kule?"

"Mama, watu wanangoja."

"Nimengoja mimi pia," Ernestine akasema. Hakuondoka. Nyuma yake watu wenye mafurushi walirundikana, mmoja akaguna, mwingine akauliza kuna nini, na mwanamke mmoja akamweleza mwenzake kwa sauti: wamemkataa mumewe kwamba hana nguvu, na sasa wanampa kazi ya punda. Maneno yalirudi nyuma kwenye foleni. Hakuna aliyepiga kelele. Lakini kwa muda kidogo hakuna aliyesogea pia, na daktari aliyekuwa ametoka mlangoni kupata hewa alivaa kofia yake akarudi ndani.

Ni Traugott aliyeyamaliza. Alimshika mkewe bega kwa ule mkono wa vidole viwili, akamsogeza kando taratibu. "Watoto wanaganda," alisema. "Twende."

Aliwapeleka mpaka mguuni pa ngazi. Alimbusu Emil kichwani, akamfunga Ulrike kitambaa chake vizuri chini ya kidevu. Kwa Ernestine hakujua afanye nini mbele ya watu wote wale, akampa mkono wa kushoto kama watu wanaoagana baada ya ibada, naye akaushika, akauachia.

"Nusu mkono!" nyapara akaita. "Mizigo ile!"

Ernestine alipofika juu aliwasimamisha watoto kwenye ukingo. Chini, mumewe alikuwa ameshachukua sanduku la watu wengine mgongoni, kubwa, lenye jina la kijiji asichokijua. Alipanda nalo ngazi, akapita hatua chache kutoka walipokuwa, akalitua, akashuka. Akarudi na lingine. Ulrike alimpungia.

"Baba hajaniona," alisema.

"Amekuona. Ana mzigo."

Mara ya tatu alipopita, jasho lilikuwa linamtoka, na mabaharia walikuwa wanamsukuma kwa maneno aongeze mwendo. Hakutazama upande wao. Ernestine alielewa kwamba angetazama, asingeshuka tena, na wangemshusha kwa nguvu mbele ya watoto.

Baharia mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba vitanda vya upande wa mlango vinaisha, watakaochelewa watalala chini ya ngazi pamoja na ndoo za choo. Watu walianza kukimbilia chini. Ernestine alimnyanyua Emil, akamshika Ulrike mkono, akalichukua furushi la nguo kwa meno kwa kuwa mikono yote ilikuwa imejaa, akashuka nao chini kwenye giza kutafuta mahali pa kulala watu watatu.