Namba Niliyomchagulia Ernest

Ernest aliondoka nyumbani kwangu Bigwa akisema anakwenda kwa muda. Alibeba begi moja na uso wa mtu anayekwenda msibani, nami kwa ujinga wangu nikamfungia maandazi ya njiani. Kumbe alikuwa anakwenda kwa hawara wake Nasra, Mwembesongo, na huko wakafungua nyumba ya wageni kama yangu.

Nyumba yangu hakuweza kuigusa. Imejengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yangu, na kwetu Waluguru mume haondoki na ardhi hiyo, awe ametoka Gairo au mbinguni. Alichoondoka nacho ni tovuti. Aliitengeneza yeye na nywila alikuwa nayo yeye. Wageni wanaokuja kupanda milima walikuwa wananipata humo. Ghafla wakakatika, vitanda vikabaki vimetandikwa bure.

Nikamwita Shadya, binti wa mama yangu mdogo, anayefundisha kompyuta mjini. Aliangalia kidogo, akasonya.

“Dada, ukurasa wako kauwekea namba 503. Maana yake nyumba ipo, ila kwa sasa haipokei mtu. Halafu chini ya anwani hiyohiyo kabandika ukurasa mwingine, wa nyumba yake. Huo unajibu 200, yaani karibu ndani.”

Kumbe mji mzima ulidhani nimefunga.

“Hiyo anwani iliandikishwa kwa jina la nani?” akauliza.

Kwa jina langu. Ernest ni mtumishi wa serikali. Aliogopa jina lake lisionekane kwenye biashara, akatumia la mkewe. Siku ile alijiona mjanja kweli. Shadya akawaandikia waliotuuzia anwani, nikathibitisha kwa kitambulisho changu, tukarudishiwa tovuti yote. Jioni hiyo ukurasa wangu ulikuwa unajibu 200.

“Na wa kwake?” Shadya akauliza. “Tuweke 404, kwamba hakuna kitu hapa?”

“Watadhani wamekosea kuandika, watajaribu tena.”

“403 basi. Kitu kipo ila huruhusiwi kuingia.”

“Watamwonea huruma. Mimi huruma sitaki aipate.”

Akacheka. “Zipo za kuhamisha. 302 inasema kahamia kule kwa muda, kesho njoo uulize tena hapahapa. 301 inasema kahama moja kwa moja. Simu ikishaambiwa hivyo inakariri, hairudi kuuliza.”

“Wahamishie kwangu. Hiyo 301.”

“Dada, hata ukija kubadili mawazo, simu zilizokariri zitaendelea kuja kwako.”

“Weka.”

Ernest alikuwa ameichapa anwani ya ukurasa wake kwenye bango na kwenye kadi zake zote. Kila aliyeifungua alikutana na picha ya baraza yangu, akafika getini kwangu. Niliwapikia kwa furaha ambayo sioni haya kuisema.

Mwisho akaja mwenyewe. Alisimama nje ya geti, amekonda, mkononi simu.

“Mwamvita, hata simu yangu mwenyewe inanileta kwako,” alisema. “Sikuombi uifute hiyo 301. Ibadilishe tu iwe ya muda.”

Nilimtazama mpaka akainamisha macho.

“Na mimi uliniambia ni ya muda,” nikamjibu. “Nikakufungia na maandazi.”

Nikafunga geti. Ndani wageni wa bango lake walikuwa wanasubiri chai.