Sampo Bila Kushusha Injini

Fundi mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya gari lake, mikono ameibana kwapani kama mtu anayesikia baridi. Baridi haikuwepo. Aliibana ili isionekane inavyotetemeka.

Chini ya gari ilitokeza miguu ya binti yake, viatu vimelowa oili. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, ingawa sasa alikuwa mtu mzima mwenye duka lake la vipuri. Siku hiyo alilifunga duka aje kumsaidia baba yake kutoa sampo, lile bakuli la chuma linalofungwa chini ya injini kushika oili. Ilikuwa imepasuka. Mchomeleaji wa jirani alisema ataichomelea papo hapo, mradi aletewe mkononi.

Haraka yenyewe ilitokana na mama. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, na baada ya kungoja zamu muda mrefu, ilimbidi afike hospitali ya mbali kabla ya jioni ili apasuliwe. Akichelewa, anaanza kungoja upya. Na tangu ukungu uanze, mumewe alikuwa akimwambia maneno yale yale: siku yako ikifika, nitakupeleka mwenyewe.

Asubuhi jirani yao mwingine, anayeitwa Fundi Winchi kwa sababu hakuna kitu asichokinyanyua kwa winchi, alikuja kusema kwamba sampo ya gari lile haitoki mpaka injini ishushwe.

"Mzee, wewe hata jino ungetaka ling'olewe bila kufungua mdomo," alimtania.

"Na wewe mtu akiumwa jino unamkata kichwa kwanza," alijibu mzee, na Kitinda akacheka kule chini mpaka akakohoa.

Wakamwambia arudi kwake na winchi yake. Sampo ile mzee alikuwa ameitoa mara nyingi bila kushusha injini. Alimwelekeza binti hatua kwa hatua: legeza mipira inayoikalisha injini, inyanyue kidogo kwa jeki, weka gogo la kuishikilia, sasa fungua bolti za pembeni, za nyuma zipapase kwa vidole. Kitinda alifuata kila neno. Sampo ikashuka upana wa vidole viwili, ikagoma.

"Baba, inashika huku mbele. Ukifika hapa huwa unafanyaje?"

Mzee alijaribu kukumbuka. Huwa inashuka tu. Akifika hapo hupenyeza mkono, na sampo hushuka. Kazi yote ilikuwa kwenye vidole, na vidole havikuwa vyake tena.

Alijilaza chini akajaribu. Spana ikamponyoka, ikamgonga shavuni. Kitinda aliiokota, akampangusa oili usoni kwa mkono wa shati lake, halafu akaendelea na bolti nyingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakavuta, wakatikisa. Walipojaribu kuirudisha juu, gasketi inayozuia oili kuvuja ikachanika. Ikabaki inaning'inia, haipandi wala haishuki.

Ndani, mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa tayari, mkoba magotini. Walimkataza kutoka asije akajikwaa kwenye vyuma vilivyotapakaa uani.

Jua lilipoanza kuinama, Fundi Winchi alirudi. Hakuja na winchi. Alikuja na ufunguo wa pikapu yake. Nyuma alikuwa amebeba injini ya mtu, lakini kiti cha mbele alikipangusa na kukitandikia shuka safi. Hakugusia maneno ya asubuhi.

"Mzee, niruhusu nimpeleke shemeji," alisema kwa sauti ya chini.

Nafasi ilikuwa ya mama na mtu mmoja. Muuguzi wa kule hospitali alishaeleza kwamba wa kumsindikiza ndiye atakayemtia dawa ya matone machoni. Kitinda alitazama ukutani. Fundi Winchi alijishughulisha na ufunguo wake. Hakuna aliyetazama mikono ya mzee, na mzee aliona walivyojitahidi kutoitazama.

"Kitinda aende," alisema.

Mama akatolewa ameshikwa kiwiko. Alipopita mbele ya gari alilipapasa, akasimama.

"Baba Kitinda, mbona leo hukunigongea?"

"Nikugongee nini?"

"Si huwa unagonga chuma, mimi nageuza spana huku mbele mpaka useme basi? Nimekaa ndani nasikiliza. Nikadhani mwenzangu umepata msaidizi, mimi nimestaafishwa."

Ndipo mzee alipokumbuka. Miaka yote hiyo, alipofika pale pagumu, aligonga chesisi, kiunzi cha gari, mara mbili, na mkewe akaacha vyombo vyake, akaja kuigeuza bolti kubwa ya puli, gurudumu la mkanda lililo mbele ya injini. Ndani ya injini krenki, ule mhimili wenye uzito upande mmoja, ikazunguka, uzito wake ukapanda juu, sampo ikapata njia. Hakuwahi kuihesabu kuwa hatua ya kazi. Alipomfundisha binti yake, hakuitaja.

Mama alinyoosha mkono, akaomba spana. Fundi Winchi alitazama jua. Hata ikitoka sasa, bado ingebaki kuchomelea, kufunga, kutia oili.

"Nenda, mke wangu," mzee alisema. "Nenda, usichelewe."

Alimshika ule mkono ulionyooshwa, mkono wake ukautikisa na wa mkewe, na mama akauacha utikisike mpaka mlango wa pikapu ulipofunguliwa.

Walipoondoka alijiburuza chini ya gari polepole. Akapenyeza vidole kwenye ule upenyo, na safari hii akapata alichokuwa akitafuta: uzito wa krenki umelala juu ya mdomo wa sampo. Ulihitaji kugeuzwa kidogo tu. Lakini ukiwa hapo chini huifikii puli, na ukiwa kwenye puli huishiki sampo.

Aliokota spana iliyokuwa karibu, akaigusisha kwenye chesisi. Mkono ukagonga wenyewe, ko ko ko ko, zaidi ya zile mbili walizozoea. Yeye akalala pale, mkono mwingine ukiwa ndani ya upenyo, akisikiliza kule mbele, kwenye puli.