Gunia la Amwani

Siku Penina anaondoka kwenda Uganda kusomea ukunga, nusu ya kijiji chao cha Muleba ilipita kwa mama yake kumuaga, na kila aliyepita alileta amwani. Ndiyo ile kahawa ya kutafuna, inayochemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa, ikafungwa kwa ganda la mgomba. Mgeni hupewa amwani hata kabla hajaulizwa habari za alikotoka, na msafiri naye haingii kwa watu mikono mitupu. Kukataa hakuna. Unapokea kwa mikono miwili, unasema kasinge, yaani asante, unaweka kando, unampokea mwingine.

Vifurushi vikajaa kitandani. Mama yake, Kokuhirwa, alivitazama, akalitazama na sanduku la bati lisilofunga, kisha akaanza kuvifungua kimoja kimoja na kuvimimina vyote kwenye gunia la sukari.

"Mae, si ungebakiza vingine?"

"Nibakize vya nani? Vya jirani Siti? Ili kesho aje kuniuliza kama ya kwake ilikuwa na wadudu?"

Penina akacheka huku akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mwanawe Nathanael alikuwa amelala mgongoni mwa bibi yake. Akambusu kisigino, kwa kuwa ndicho kilichochungulia kwenye kanga, akaenda kupanda lori la Bukoba kabla moyo haujageuka.

Alikuwa na jambo moja tu la kuwahi: gari la Buberwa. Lilikuwa likiondoka sokoni Bukoba mchana kwenda mpakani, na jingine hadi wiki ijayo. Shule ilishasema wazi kwamba asiyeripoti Jumatatu, nafasi yake anapewa mwingine. Nafasi hiyo Penina aliipata kwa masomo ya jioni, daftari kwenye goti moja na mtoto anayenyonya kwenye goti la pili, katika miaka ambayo ule ugonjwa usio na dawa ulikuwa ukizichukua nyumba kwa zamu na wauguzi nao wakizikwa.

Karibu na Buhembe lori likasimamishwa. Tangu vita na Uganda viishe, kahawa ya magendo ilikuwa ikivuka mpaka kila uchao, na barabara zilikuwa na vizuizi. Mkaguzi, mwanamume mrefu aitwaye Kagaruki, akapanda, akaligusa gunia kwa fimbo.

"La nani hili?"

"Langu, tata. Ni amwani ya safari."

Kagaruki akaonja moja. Alikuwa Mhaya, hakuhitaji kuelezwa. "Amwani kweli. Lakini amwani ya safari hufungwa kwenye ganda, binti. Hii iko kwenye gunia, na wewe unakwenda Uganda. Nani anatafuna gunia zima?"

"Basi nishushie, niliache hapa."

"Gunia lisilo na mwenyewe? Hizo ni kesi mbili. Utamsubiri mkubwa wangu. Anakuja jioni."

"Jioni? Na gari la Buberwa linaondoka mchana!" Penina akashuka na sanduku na gunia lake. Mbele, kwa dereva, alikaa Mama Jashoda, Mhindi mwenye duka la vitenge, mzaliwa wa Bukoba aliyekijua Kihaya kuliko vijana wengi wa mjini. Akatoa kichwa dirishani.

"Kagaruki! Mwache mtoto. Wewe harusini kwako amwani ilijaa magunia mangapi?"

"Harusini kulikuwa na wageni, Mama Jashoda. Wa huyu wako wapi?"

Penina akalitazama lori. Akavua kanga yake ya juu, akaitandika kwenye majani ya barabarani, akamimina amwani, akapiga goti.

"Nyegera waitu," akasema. Karibuni.

Vichwa vikachungulia kutoka kwenye lori. Halafu mzee mmoja akashuka, akapokea kwa mikono miwili, na baada yake wakashuka wote. Mama Jashoda alichota ya kutosha, akamtupia jicho mkaguzi.

"Sijaona mtu anayeuza," Kagaruki akasema, akigeukia upande wa migomba.

Lakini dereva alikuwa akipiga honi, na gunia lilikuwa bado zito. Lori likaondoka, Mama Jashoda akipaza sauti juu ya vumbi: "Mimi na Buberwa tutaonana!"

Penina akabaki na kanga yake, sanduku lake na gunia lake. Ndipo wakaja wanawake waliobeba ndizi na kuni kichwani, nyuso zimeinama, mmoja wa waume zao akikokota baiskeli. Walikuwa wakienda msibani. Penina akawakaribisha kama alivyowakaribisha wengine. Mkubwa wao, ambaye hakubeba kitu, akalitazama gunia.

"Mwanangu, hii yote unampa nani?"

"Wageni, mae."

"Sisi tuna wageni tangu juzi, na amwani imekwisha. Huyu ni wa tatu nyumba ile. Watu wanakuja, tunawatazama tu kwa aibu."

Penina hakuwaza mara mbili. Akalinyanyua gunia, akamtwika. Kagaruki alikuwa amevua kofia. "Kizuizi hakizuii msiba," akasema. "Nenda."

Kwa shukrani mwenye baiskeli akampakia Penina, sanduku mapajani, wakateremka hadi mjini breki zikilia.

Sokoni gari la Buberwa lilikuwa linanguruma, limejaa, na halijaondoka. Kwenye kiti cha mbele alikaa Mama Jashoda, mikono kifuani.

"Mama, nakuomba ushuke," Buberwa alikuwa akisihi. "Tangu saa ile!"

"Nimekula amwani ya mtu, nimwache njiani? Waulize na hao."

Nyuma, abiria watatu waliokuwa kwenye lori wakaitikia wakiwa bado wanatafuna.

Mama Jashoda alipomwona, akashuka taratibu akinyoosha sari yake, akamsukuma Penina ndani. "Nipe ujumbe wa kumpelekea mama yako. Lori linarudi kesho."

"Mwambie nimewahi gari. Na amwani imepata wageni, yote."

"Yote? Hujatoka hata Bukoba!"

Buberwa akaingiza gia. Penina akakumbatia sanduku lake na kucheka hadi machozi, na safari hii hakujisumbua kuyafuta.