Evodie Atangaza Mwendo wa Mtandao

Evodie alisimama kanisani wakati wa matangazo, baada ya habari za ndoa mbili na mbuzi aliyepotea. Yeye ndiye aliyeendesha intaneti ya mtaa kwa antena ya Papa Ignace. Kila jioni, watu walipojaa mtandaoni, alipunguza mwendo wa video ili simu za sauti zipite, maana wauza dagaa walihitaji kusikilizana na wenzao wa Kigoma. Hakuwa amemwambia mtu.

"Simu zenu haziumwi," alisema. "Video zikikwama jioni, njo mimi ninazipunguza."

Kicheko kilianzia kwenye benchi za akina mama. Wengi wao walikwisha kupeleka simu kwa fundi Delphin, akazifungua, akazipuliza vumbi, akazirudisha vilevile. Delphin akainamisha kichwa kama anayesali.

Mama Chantal akauliza lile lililomfanya akatae kujiunga: je, Evodie anaona watu wanachoangalia? Evodie hakuzungukazunguka. Maneno na picha zao haoni. Majina ya tovuti, ndiyo, mtambo ulikuwa ukiyatunza. Ameyafuta yote na kuuzuia usiyatunze tena. Benchi nzima ya akina papa ikashusha pumzi.

Nje, Papa Ignace alimngoja amekunja uso. Wateja watakimbia, alisema. Nani atabaki na mtu anayetangaza kwamba anampunguzia mwendo? Jumapili ijayo asimame tena aombe radhi, la sivyo amtafute mwenye antena mwingine. Evodie alijua Kalemie nzima hakuna atakayempa antena nyingine, na kazi ile aliipenda.

Kabla hajajibu, akina mama wakawazingira. Mama Chantal alitaka kuunganishwa leo hii, yeye na dada yake. Laure, mshona nguo, akadai Jumamosi filamu ziachiwe. Wakabishana, wakataniana, mwisho wakakubaliana: Jumamosi jioni filamu zipite, anayepiga simu avumilie.

Papa Ignace alihesabu nyuso zaidi ya mara moja. Hakuna aliyekimbia. Akakohoa, sauti ikashuka. Antena ibaki, alisema, na kazi pia.

"Lakini neno moja tu, mwanangu. Ulinde heshima yangu mbele ya watu. Sema samahani, yaishe."

Evodie alikuwa amekwisha kushika simu ya Mama Chantal, akiiunganisha.

"Siombi samahani, Papa," alisema. "Si leo, wala Jumapili ijayo."