Magoli ya Jumamosi

Kocha Kyungu alimwondoa binti yangu golini siku moja kabla ya fainali, kwa sababu ya wastani. Na kwenye fainali hiyo klabu moja ya wanawake ya Lubumbashi ilikuwa inamtuma mtu kutafuta golikipa.

Alituita wazazi uwanjani, akafungua kompyuta yake juu ya benchi. Gisèle, alisema, anafungwa magoli mawili kila mechi. Carine, golikipa wa pili, hafikishi hata goli moja. Basi atadaka Carine.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini ligi yetu ya Kamina naijua. Jumapili Gisèle anaimba kwaya parokiani, mama yake hakubali akose misa. Kwa hiyo anadaka Jumamosi tu. Na Jumamosi ndiyo siku ya timu za kambi ya jeshi, wasichana wanaokimbia kila asubuhi na kupiga mashuti mpaka viganja vya kipa vinavimba. Jumapili wanakuja wa vijijini, wameendesha baiskeli tangu alfajiri, wanafika miguu imekwisha. Hao ndio wa Carine.

Nilimwambia hivyo. Akacheka.

"Papa Nyembo, weye unalilia mutoto yako. Hesabu haina mutoto."

Aliyenitetea ni Carine mwenyewe.

"Kocha, mie Jumamosi nilidaka moja tu, Gisèle akiwa na malaria. Banifunga tano. Hiyo iko mu kompyuta?"

Ilikuwamo. Kocha alisema ameichanganya na nyingine zote, na mechi moja si kitu. Wazazi wengine wakamwambia Carine aache uoga. Nikamwuliza kocha kwa nini asilinganishe Jumamosi na Jumamosi. Akafunga kompyuta.

Fainali ilikuwa Jumamosi, na timu ya kambi. Gisèle alikaa benchi amevaa glavu zake. Carine alijitupa mpaka magoti yakatoka damu, mtoto wa watu, na mashabiki wetu wenyewe wakamzomea. Baada ya filimbi nilimfuata kocha. Alikuwa anaandika matokeo.

"Sasa wastani ya Carine imeharibika," alisema.

Watu walinishika mikono, vinginevyo ningempiga.

Tulifungwa sita. Kombe lilikwenda kambini. Mtu wa Lubumbashi aliondoka bila kumwona Gisèle akigusa mpira. Carine hajarudi uwanjani tangu siku ile. Gisèle yuko Kinkondja kwa shangazi yake, anakausha samaki. Magoli sita, kombe, na makipa wawili.