Anwani Zisizosomeka

Jumanne asubuhi, karani wa posta alikuwa akimnywesha binti yake maziwa kwa kijiko, wachukuzi walipoanza kutoka kwenye kiganja cha mtoto. Walikuwa wadogo kama punje za mchele, kila mmoja na kifuko mgongoni. Walishuka mezani, wakapanga foleni kando ya kikombe.

"Shikamoo, mama," alisema wa mbele. "Tumezunguka humo ndani mpaka miguu imekufa ganzi. Anwani hazisomeki."

"Marahaba. Poleni na kazi," alijibu karani, akavaa miwani.

Daktari alikuwa ameshamweleza: ndani ya kila seli kuna vifuko vya kusafirishwa, na jeni inayotengeneza protini ya kuvifikisha ina herufi moja iliyokosewa. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita, aliyekuwa hakamatiki kwa mbio, sasa hata shingo ilikuwa inamshinda. Karani naye alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye chumba cha barua zilizokosa wenyewe. Mwandiko mbovu haukumbabaisha. Alichukua kalamu ya ncha nyembamba, akasahihisha kifuko kimoja kimoja, na wachukuzi wakarudi walikotoka.

Kufika saa sita mchana, vifuko mia nne vilikuwa vimeondoka. Kidole gumba cha mtoto kilijikunja, kikamshika mama yake. Karani alilia kwa sauti, bila kujificha. Foleni ilikuwa imeshavuka mlango wa jikoni.

Alimbeba mtoto mgongoni hadi hospitali, wachukuzi nyuma yake. Daktari aliinama akawatazama, akaandika kwenye faili.

"Dawa ya kurekebisha herufi hiyo inawezekana, mama. Ila watoto wa namna hii tunaowajua ni kumi na mmoja. Hakuna kiwanda kitakachowasha mashine kwa ajili ya watoto kumi na mmoja."

"Sasa mimi nifanye nini, daktari?"

"Endelea kuandika. Mwandiko wako ni mzuri."

Hakuwa mtu mbaya. Aliomba tu wachukuzi wapitie mlango wa pembeni, kwa kuwa sakafu ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu.

Karani alikaa kwenye benchi la korido, mtoto mapajani, akaandika mpaka vidole vikavimba. Roho ilikuwa inamuuma hata kuuliza, lakini aliuliza.

"Mmebaki wangapi?"

Mchukuzi aligeuka, akaitazama foleni.

"Wa leo tu, mama, au wote?"

Kichwa cha mtoto kililegea kifuani kwake. Karani alimwomba mchukuzi ageuze mgongo, ili amwandikie kifuko chake.