Sufuria ya Uji

Mama Mabango walimwita hivyo kwa kazi ya mumewe, aliyekuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka kabla kiharusi hakijampooza mkono wa kulia. Miezi minne sasa mzee alikuwa akishinda jikoni ameduwaa. Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alishasema wazi: asipoutumia ule wa kushoto, atakwisha hivi hivi huku anapumua.

Basi Jumatatu, bila kuambiwa na mtu, akashika penseli. Polepole, kwa mkono wa kushoto, akaanza kuchora sufuria ya uji iliyokuwa mezani. Na sufuria yenyewe basi! Imebonyea ubavuni, mpini umefungwa waya, michirizi ya uji uliofurika imegandia nje, myeusi. Mkewe akachungulia karatasi, akahesabu mizunguko ya waya. Alikuwa ameufunga yeye mwenyewe, mizunguko sita, na yote sita ilikuwepo. Miaka ishirini anapikia humo, kumbe hajawahi kuitazama. Ilikuwa nzuri, hakuna neno jingine.

Furaha ikamponza. Jumanne, mzee akiwa bado anaoga, mkewe akaona aibu: kitu cha kuchorwa, kichafu vile? Akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa.

Mzee akaja, akaketi, akaitazama.

"Michirizi iko wapi?"

"Nimekusafishia."

Mzee aliweka penseli chini akageukia ukutani, na mkewe akaogopa kuliko siku ile mzee alipoanguka kwa kiharusi.

Sasa, huyu ni mwanamke anayesema hadharani kwamba wanaoacha uji ufurike ni wavivu. Akabandika sufuria, akatia moto mkali, akakunja mikono. Uji ukapanda, ukamwagika, ukaungua, harufu ikatoka nje. Jirani akachungulia dirishani.

"Mama Mabango, uji unafurika huo."

"Nauona. Niache na uji wangu."

Ilipopoa akaiweka mbele ya mumewe. Mzee akaikagua.

"Siyo ile. Michirizi ile ilishuka upande wa mpini."

Mkewe akaishika sufuria kuiondoa. "Basi nimekuharibia."

"Umeniharibia, ndiyo." Mzee akavuta karatasi mpya. "Lakini hii nayo ina mambo yake. Igeuze kidogo. Hapo hapo. Na kesho usioshe kitu chochote humu ndani bila kuniuliza."

Kesho. Miezi minne neno hilo halijamtoka mzee mdomoni. Mama Mabango akalia waziwazi, ameishika sufuria isisogee.